Mama mkwe ameshonea kitenge nguo yangu ya mashindano

Admin, nifiche jina tafadhali, maana mawifi zangu wote wanafuata ukurasa huu. Nina miaka thelathini na tatu, nina mume na watoto wawili, naishi Ruashi hapa Lubumbashi. Nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka mpaka kukasirika kwenyewe nakuona ni kazi.

Mimi nashindana triathlon: unaogelea, unapanda baiskeli, kisha unakimbia, bila kubadilisha nguo. Nguo ni moja, na kuichagua si mchezo. Ya kwanza niliyojaribu ilikuwa wazi mno mapajani, ya pili ikanichubua kwapani. Ya tatu ina zipu mbele, inafika katikati ya paja, na ina sponji nyembamba ya kukalia baiskeli. Kocha wetu, mama mmoja mkali, aliniambia, "Kama inakubana ingali kavu, njo hiyo. Mu maji italegea." Nikaichukua.

Kisha vita vikaingia Goma, kwa akina mume wangu. Depo yao ya bidhaa ikaporwa, na mama mkwe akatufikia na watu saba, yeye mwenyewe na kitenge kimoja kiunoni. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alijitafutia: alikuta cherehani yangu, akaanza kutia viraka nguo za nyumba nzima. Sikulalamika. Nilitoa kitanda, nikatoa sebule. Kilichobaki changu ni saa moja ya mazoezi asubuhi.

Wiki iliyopita nilirudi kazini nikakuta nguo yangu ya mashindano imeshonewa sketi kiunoni. Kitenge kile kile alichokimbia nacho, amekikata.

"Mama Exaucé," aliniambia akicheka, "niliiona ku kamba, nikasema hapana, muke wa mutoto yangu hawezi pita mu barabara vile. Sasa iko muzuri."

Nilisema aksanti. Ningesema nini? Nikaenda chumbani nikalia. Mume wangu akasema, "Chérie, vala tu, ni siku moja." Siku moja! Niliijaribu kwenye piscine, bwawa la kuogelea: kitenge kikanywa maji, kikanizunguka mapajani, nikashika ukingo nikipiga kelele kama mtoto. Kwenye baiskeli kikaingia kwenye mnyororo. Kocha akasema, "Fumua, ao usikuye dimanche," yaani Jumapili, siku ya mashindano.

Nikamwomba mama mkwe niivae sketi baada ya mashindano. Akanishangaa: "Ile saa nani atakuona?"

Jana mchana, amelala, nilichukua mkasi. Nikauona mshono: mdogo mdogo, umenyooka, umerudiwa mara mbili usiachie. Kwa macho yake yale mabovu. Nikaweka mkasi chini. Na bado namkasirikia, nasema ukweli.

Jambo moja sijawaambia. Tangu afike, mama hajavuka geti letu. Kanisani haendi, sokoni haendi, pikipiki ikipiga mlio anaingia ndani. Lakini jana jioni alisema Jumapili atakuja ziwani, kwenye mashindano. "Nataka nione nguo yetu ikikimbia." Ameshaazima viatu kwa jirani.

Ni keshokutwa. Nikifumua, ataona kwa macho yake. Nisipofumua, sketi itanizamisha mbele yake. Mama zangu, dada zangu, mkasi uko hapa mezani na nguo iko mapajani pangu. Ningekuwa binti yenu, mngeniambia nini?