Gari Ambalo Lesikar Hakulitaka

Ungewauliza waendesha magari ya maksai wa enzi za Mjerumani kwa nini waligombania gari lililochongwa hapa hapa Meru, ilhali lile lililoletwa kwa meli lilikuwa jepesi na limepakwa rangi ikameremeta, wasingekujibu habari za rangi. Wangevua shuka wakuonyeshe migongo yao.

Gari la kienyeji likivunjika njiani, unakata mti, unachonga, unakaza kwa kamba ya ngozi mbichi, unaendelea na safari. La Ulaya likivunjika, chuma chake kinangojwa kutoka huko huko kilikotengenezwa, na wakati kinangojwa lazima mkosaji apatikane. Mkosaji siku zote alikuwa yule aliyeshika mjeledi wa maksai, hata kama njia yenyewe ilikuwa mawe matupu.

Lesikar, Mwarusha wa Elerai, aliyajua hayo kwa mwili wake. Alimfanyia kazi bwana mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Usa. Kiangazi kimoja jua lilikausha gurudumu la gari la Ulaya, mbao zikasinyaa, pete ya chuma ikachomoka katikati ya njia ya Moshi. Bwana hakutaka kusikia habari za jua. Lesikar alilazwa kifudifudi, akachapwa kiboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano. Mkewe Nashipae alimpaka mafuta ya kondoo akinung'unika peke yake, maana angemnung'unikia nani?

Vidonda havijafunga vizuri, bwana akamwita tena. Magari mawili yapeleke kahawa kwenye reli, Moshi. Loishiye, mwendeshaji mwenzake, aendeshe la kienyeji. Lesikar aendeshe la Ulaya, lenye gurudumu jipya.

"Ukiliharibu safari hii," bwana alisema, "utaona kwamba ile ya kwanza ilikuwa mchezo."

Lesikar aliogopa. Sina haja ya kumpamba. Na woga ule ndio uliomtuma kwa Loishiye, mtu wa rika lake. Walitahiriwa msimu mmoja, wakala nyama pamoja porini. Kwa Waarusha, mtu wa rika lako akikuomba kitu humnyimi, akikuomba ng'ombe au akikuomba jasho lako. Lesikar alisubiri mpaka shamba limepotea nyuma yao, ndipo akasimamisha maksai.

"Mwenzangu, tubadilishane magari."

Loishiye alilitazama gari la Ulaya, kisha akaitazama shuka ya mwenzake iliyogandia mgongoni.

"Unaniomba?"

"Nakuomba."

"Haya. Shuka chini, nipishe."

Akapanda, akashika mjeledi. Mkewe Sinyati alikuwa na mtoto anayenyonya, naye Loishiye mgongo wake ulikuwa bado haujaguswa na kiboko.

Njia ya kuteremkia mto Kikafu ilikuwa mbaya. Gari la kienyeji halikuwa na breki. Waendeshaji walilifunga gogo zito nyuma, likawa linaburutwa ili kulizuia lisiwakimbilie maksai. La Ulaya lilikuwa na breki ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, na bwana alikuwa amekataza lisifungwe gogo, eti litachubuliwa rangi. Rangi! Lesikar akatangulia na gogo lake, akafika chini salama. Ndipo akasikia chuma kikilia kule juu.

Breki ilikuwa imefyatuka. Gari lilianza kuwasukuma maksai.

"Liache!" Lesikar alipiga kelele. "Loishiye, liache liende!"

Mtu yeyote angeliacha. Lakini Loishiye alikuwa ameuona mgongo wa mwenzake. Alikimbilia mbele ya gurudumu akasukumiza jiwe chini yake, jiwe likateleza, akalishindilia kwa bega. Gari likasimama. Loishiye alikuwa chini yake.

Bwana alikuja kulikagua gari, akalizunguka, akaridhika kwamba halikuvunjika kitu. Kisha akamwambia Lesikar alirudishe shambani.

Alipomaliza kulirudisha, Lesikar alikwenda kwa Sinyati. Habari za kifo zilikwisha kumfikia. Alimkuta amekaa mlangoni, mtoto mgongoni.

"Shemeji, gari lile lilikuwa langu," alisema.

"Sasa yeye alilipataje?"

"Nilimwomba."

Lesikar alitamani atukanwe, afukuzwe, arushiwe hata kijinga cha moto.

"Ulimwomba wewe, mtu wa rika lake," Sinyati alisema. "Basi hakuwa na la kufanya."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa, kama mke anavyompokea mtu wa rika la mumewe, akamkabidhi kwa mikono miwili. Lesikar akakipokea. Akanywa huku analia, na Sinyati akasimama akimngoja amalize.