Chokaa Ndani ya Mashine ya Vifaranga

Sijamsamehe, na sina mpango huo.

Nilikuwa fundi wa kuchomelea saketi kwenye karakana moja ya Kipawa, tukitengeneza mashine za kutotolea vifaranga. Programu aliandika bosi mwenyewe. Siku mama mmoja mfugaji wa Kawe aliporudisha mashine yake, mayai yameivia ndani, bosi alininyooshea kidole mbele ya wateja.

"Mikono yake mizito, mama. Risasi ya kuchomelea haishiki."

Yule mama akanitazama mikono. Tangu hapo kila mteja aliuliza kwanza kama mashine yake nimeigusa mie. Nilimchukia bosi hadi kikohozi chake kilinikera.

Nyumbani Kiwalani, kila mwaka kabla ya masika mama yangu hupaka chokaa ukutani kwa chini, sebuleni mpaka chooni. Si urembo. Jirani aliziba mfereji, na kila mafuriko yakipita huapa kwamba maji hayakufika kwetu. Chokaa ikioshwa mstari hubaki, na jirani huitwa aje kuutazama.

Nikaamua kumpakia bosi chokaa.

Ndani ya chipu ya mashine ile kazi tatu hupeana zamu: moja hupima joto, moja hugeuza mayai, moja huandika maneno kwenye kioo. Kila kazi imekatiwa sehemu yake ya kumbukumbu. Ikizidisha haipigi kelele, inamwagikia kwa jirani na kuharibu vya wenzake. Ijumaa bosi alipokwenda kuswali, nikajaza sehemu zote tarakimu moja ileile, na mipakani nikaacha ukanda wa tarakimu hizohizo. Nikaiwasha mashine. Ijumaa iliyofuata nikasoma kilichobaki. Kwenye kazi ya mayai tarakimu nyingi zilikuwepo bado. Kwenye kioo haikubaki hata moja, na ukanda wa mpaka wake na kazi ya joto ulikuwa umefutwa wote: kioo ndicho kilichomwagikia kipimo cha joto na kukivuruga.

Kioo kilibeba nini? Jina zima la bosi, cheo chake, namba ya simu na salamu ndefu kwa mteja, vyote vikitembea kwa mbwembwe. Aliviongeza mwenyewe bila kuongeza nafasi.

Sikumwambia. Nilisubiri mama wa Kawe aje kuchukua mashine, karakana imejaa watu, nikaunganisha kompyuta.

"Shikamoo mama. Njoo uone kilichopika mayai yako."

"We sista, hiyo ishu tutaongea ndani," bosi akasema.

"Yangu uliiongelea hapahapa, bosi."

Nikamwonyesha mama palipofutwa, nikamweleza habari ya chokaa ya kwetu. Alielewa haraka kuliko nilivyotegemea.

"Kumbe ni jina lako?" akamuuliza bosi.

Bosi alikuwa ameshika bisibisi, hana cha kufungua. Nikalifuta jina lake herufi moja moja, taratibu, wateja wakitazama. Raha niliyoipata siionei haya.

Mama akafunga mkoba wake, akaniuliza kama mashine nyingine aliyoagiza nitaichomelea mie mwenyewe.

"Mie mwenyewe, mama," nikajibu, nikimtazama bosi.