Greda wa Ruanda Aenda Ubatizoni Mpemba

Mwaka wa 1953 Hezron alikuwa na shamba la kahawa kijijini kwao Ruanda, mke asiyemwogopa, na jina ambalo hakuliomba: Greda. Alipewa na watazamaji enzi zake za kucheza beki. Walisema akipita, watu hulala chini kama majani yaliyokwanguliwa na greda la Serikali.

Ukweli aliujua yeye na Tabita, mkewe. Hezron hakuwa mkali, alikuwa mzito. Aliuona mpira kama wenzake, akaamua kuufuata kama wenzake, ila miguu yake ilipata habari baadaye. Alipofika, mpira ulikwisha kwenda zake na mwenye mpira bado yupo.

Alikuwa ameacha kucheza zamani siku alipokwenda kijiji cha Mpemba kwenye ubatizo wa mjukuu wake, mtoto wa binti yake Ruti. Alimsihi mkwewe, Asajile, asimtaje kwa mtu. Asajile akaitikia kwa adabu, na ibada ilipokwisha Mpemba nzima ilikuwa nje ya kanisa ikimsubiri Greda.

Enoka, fundi cherehani, ndiye aliyetangulia. Alipandisha suruali mpaka gotini.

"Kovu hili ni lako, mzee!"

Hezron alilitazama. Lilifanana sana na kovu la moto, na mwenye kovu hakumkumbuka hata kidogo. Mwingine akaonyesha taya, mwingine ubavu. Hezron akawaza kwamba kama angeweza kuwafikia watu wote hawa, basi angechezea timu ya Jimbo. Hata hivyo alijisikia akisema, "Poleni sana, ndugu zangu," kwa sauti nzito kama ya chifu. Tabita akamkazia macho.

Wakaenda kula nyumbani kwa Asajile. Hapo ndipo alipoingia Sadoki, akichechemea. Huyu Hezron alimkumbuka. Alikuwa mshambuliaji wa Mpemba, naye alivunjika mguu kwenye mchezo waliokutana. Tangu siku hiyo, kila Hezron alipopita Mpemba alishusha kofia mpaka kwenye nyusi.

"Mkwe," alinong'ona, "hii nyumba ina mlango wa nyuma?"

"Haina, baba."

Sadoki akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Nasikia mnasema huyu ndiye aliyenivunja," alisema. "Hakunigusa. Nilikanyaga shimo la fuko, nikaanguka, mguu ukavunjika hapohapo. Huyu alifika baadaye sana, akajikwaa kwangu, akaniangukia. Ule mshindo mliousikia ulikuwa wa uzito wake."

Kisha Enoka akapiga paja.

"Mnaona? Mpaka leo anamwogopa!"

Hezron akasimama. "Jamani, huyu anasema kweli. Mimi nilikuwa nachelewa tu."

"Na mnyenyekevu pia!" walipiga kelele, na mtu akamletea firigisi ya kuku, kipande cha mgeni wa heshima.

Hezron aliitazama ile firigisi, akamtazama Sadoki. Sadoki akainua mabega, kama kusema hawa wameshindikana. Basi Hezron akaikata vipande viwili, wakala pamoja, na mchana wote Sadoki akawa anamweleza jinsi alivyokuwa mzito.

Jioni walirudi Ruanda kwa miguu, yeye na mkewe. Walipokwisha kukiacha kijiji, Hezron akamgeukia.

"Mama Ruti, kumbe hata Sadoki sikumvunja."

"Si jambo jema hilo? Miaka yote umekuwa ukipita kule kama mwizi."

"Ni jema."

"Mbona umenuna?"

Hezron alitembea kidogo. "Yule ndiye niliyekuwa na hakika naye," alisema.

Tabita alicheka mpaka akalazimika kutua kikapu chini. Hezron akamngoja, akijaribu kubaki amenuna, lakini hata hilo lilimshinda.