Ukuta Alioukwangua Amondi

Mtaa mzima wa Sarang'ombe unajua usafi wa Amondi. Ukiingia kwake na viatu, utatoka navyo mkononi. Miaka kumi na minane amefua nguo za watu kule mtaa wa Olympic na kupiga deki sakafu zao, na akirudi jioni anaanza upya chumbani mwake. Chumba ni cha udongo na mabati, lakini sufuria zake unaweza kuzifanya kioo cha kunyolea ndevu. Sasa niambieni, mtu kama huyo unamwambiaje asafishe halafu unyamaze hapo?

Binti yake Adhis, miaka kumi na tisa, alipatikana na saratani ya damu mwezi wa pili. Akapewa kemo, zile dawa kali za saratani. Nywele zikaenda, na kinga ya mwili ikaenda nazo. Siku ya kuruhusiwa nyumbani, nesi alikuwa na haraka zake, hata macho hakuinua kwenye faili. "Mama, nyumba ikae safi. Infection yoyote saa hii ni mbaya." Basi. Elimu yote ikaishia hapo.

Ukuta wa upande wa kitanda cha Adhis ulikuwa umeota ukungu mweusi. Bati lilikuwa likivuja tangu mvua za mwaka jana, na Kagiri, mwenye nyumba, kila mwezi anasema fundi yuko njiani. Fundi gani huyo anayetembea mwaka mzima? Amondi hakungoja. Jioni ileile alishika kisu akaukwangua ukuta wote, bila hata kuumwagia maji, kutoka juu hadi chini, mtoto akiwa kitandani. Vumbi likajaa chumba. Akafagia, akapiga deki, akaridhika.

Wiki ya pili homa ikapanda. Antibiotiki hazikufua dafu. Adhis alipoanza kukohoa damu walimrudisha wodini, wakampiga picha ya kifua, na Daktari Makau akamwita Amondi kando. Ni kuvu, akamwambia, imeingia kwenye mapafu. Mtu mzima wa afya huvuta vumbi la ukungu na asijue, lakini mgonjwa wa kemo hana cha kujikinga nacho.

"Kuna mtu aligusa ukungu pale nyumbani?"

Amondi aligeuka akatoka. Alimtafuta yule nesi, akaambiwa yuko likizo. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Kagiri.

"Bati lako linaniulia mtoto."

"Pole, Mama Adhis. Lakini si ni wewe ulikwangua, majirani wakikuona? Mimi sikukutuma."

Alitamani kumzaba kofi. Kilichomchoma ni kwamba mwanaume yule, na uzembe wake wote, hakuwa amesema uongo.

Dawa ya kuvu iliingia kwa dripu wiki tatu. Kemo ikasimamishwa, na kila siku iliyopita bila kemo saratani ilikuwa ikipata nafasi. Hatimaye kuvu ikaanza kupungua. Daktari Makau akasema Adhis anaweza kutoka na kemo itaendelea, ila asirudi kwenye chumba kile. Amondi akaanza kujitetea: atapaka rangi, atahamisha kitanda, atamlazimisha Kagiri abadilishe bati.

"Nipeleke kwa Aunty Amolo," Adhis akasema.

Amolo ni mdogo wake Amondi. Anakaa Kawangware, ghorofa ya pili, nyumba ya mawe, kavu. Lakini vyombo vyake vya juzi bado viko kwenye beseni, na kwa miaka Amondi amemsema mbele ya watu bila huruma.

"Kwa Amolo? Kwa ule uchafu?"

"Kule hakuna mtu atasafisha nikiwa ndani." Adhis alikuwa ameangalia dirishani. "Siku ile nilikuwa nakohoa, Mum. Nikakuambia nataka kutoka nje. Ukaniambia ningoje, umebakisha upande mmoja."

Amondi hakuwa na mtu mwingine wa kugombana naye ila yeye mwenyewe. Alikunja nguo za mtoto, akazitia kwenye mfuko, akampigia Amolo simu.