Vidonge kwenye Kopo la Vifungo

Fundi cherehani aliambiwa ameze dawa za kifua kikuu miezi sita, asikose hata siku moja. Mwezi wa tatu kikohozi kikakata, mashavu yakajaa, naye akaanza kuficha vidonge kwenye kopo la vifungo.

"Nguo ikishakaa mwilini, unashona nini tena?" alijiambia.

Siku mkewe alipotafuta kifungo, akavikuta. Hakupiga kelele.

"Fundi mzima wewe, unaacha uzi bila fundo?"

Fundi akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kile kile cha zamani. Akaziba mdomo kwa kitambaa cheupe, asithubutu kukitazama.

Alipotulia, kikohozi kingine, chembamba, kikaitikia kutoka chumba cha mjukuu wao.