Jina Nililompa Malkia

Siwezi kuficha, maana waliokuwepo siku ile bado wako hai na wengine wananicheka hadi leo: mimi ndiye niliyemtukana mama mkwe wangu kwa maikrofoni, mbele ya ukumbi mzima wa parokia, zaidi ya saa nzima, tena nikitabasamu.

Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, tulipovaa abacost, zile suti zisizo na tai, na kuitana citoyen, yaani raia, na majina ya Kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano, kijana wa Kadutu, hapa Bukavu, na wazee wangu walikuwa wamekubaliana na akina Nsimire, mchumba wangu, kwamba Jumamosi inayofuata watapeleka barua ya posa. Nsimire alikaa mtaa wa Ibanda na baba yake, karani wa ofisi, pamoja na mke wa pili wa baba yake, maana mama aliyemzaa alifariki yeye akiwa mdogo. Huyo mama wa kambo tulimwita Maman Byamungu, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu, na (hili liwekeni akilini, ndilo lililoniua) sikuwahi kumsikia akiitwa jina lingine lolote.

Basi abbé wetu, padri wa parokia, akapata filamu ya kuonyesha familia zote Jumapili mchana, hadithi ya kale ya Ulaya iliyotengenezwa upya kwa farasi, ngome na mazimwi, na watu wakasema kwamba pesa zilizotumika zingetosha kutengeneza barabara kutoka Bukavu hadi Shabunda na chenji ikabaki. Ila ilikuwa ya Kifaransa.

"Mwalimu, bamaman bengi habasikie Kifaransa," abbé akaniambia. "Utakamata micro, utabaelezea. Mufalme sema mufalme, malkia sema malkia, inatosha."

Ingetosha kweli! Lakini nilijua Maman Byamungu atakaa benchi la mbele na akina mama wa parokia, na nilitaka aone kwamba binti anaolewa na mtu mwenye kichwa. Yale majina ya Kizungu ya filamu nisingeweza kuyatamka (nani alitaka kuitwa kwa wakubwa ajieleze?), kwa hiyo nikaamua kuwapa watu wote wa mle ndani ya filamu majina yetu. Nilikata shauri hilo nikifunga vifungo vya abacost yangu, bila hata kufikiri mara mbili.

Ukumbi ulijaa hadi watoto wakakaa chini. Hadithi yenyewe ni hii: mfalme mjane anaoa mke mpya, na mke huyo ni mchawi, anawageuza watoto sita wa kiume wa mfalme kuwa ndege weupe wenye shingo ndefu (nikawaita mabata, ningewaita nini?), na dada yao, ili awaokoe, lazima awashonee mashati sita ya upupu bila kutamka neno hata moja mpaka amalize. Mfalme nikampa jina, wavulana nikawapa, yote sawa. Kisha akatokea malkia, gauni la dhahabu, pete kila kidole, nami nikatafuta jina la mwanamke mwenye mali, na likanijia upesi kama vile nimenong'onezwa.

"Huyu ndiye Nabintu!" nikasema. Kwa Kishi, lugha yetu, maana yake mwenye vitu, na akina Nabintu mjini kwetu ni wengi, sikuona ubaya.

Benchi la mbele likatikisika. Akina mama wakasukumana viwiko, mmoja akafunika mdomo kwa kitenge, na mimi, mjinga wa wajinga, nikadhani wamependa. Nikazidisha. "Mwangalieni Nabintu! Nabintu murozi! Mchawi huyo! Watoto wa mwenzake wamemkera, hataki hata kuwaona wakila!" Watoto wakalishika jina, kila malkia akionekana wanapiga kelele, "Nabintu! Nabintu murozi!" hadi vioo vya madirisha vinalia. Pembeni, karibu na ukuta, nikamwona Nsimire ananitazama, ameweka kidole mdomoni, anakibonyeza kweli kweli. Nikafikiri anamwigiza yule binti asiyesema. Nami nikaweka kidole changu mdomoni, nikamkonyeza.

Mungu wangu, nikikumbuka kule kukonyeza!

Taa zikawashwa ili wabadilishe bobine, yaani mkanda wa filamu. Nsimire akaja mbio, machozi yanamlengalenga.

"Ile jina iko ya maman," akasema.

"Maman gani?"

"Maman yetu! Nabintu njo jina yake, bamaman bote banayua! Juu ya nini haukuniuliza?"

Kwetu mkwe haitwi jina lake hata kwa sauti ndogo, nami nilikuwa nimelitangaza na uchawi juu yake, na zaidi ya yote alikuwa mama wa kambo kweli. Nilimtazama pale benchini. Alikaa wima, pochi yake magotini, na pande zote mbili wenzake walikuwa wamesogea mbali naye kidogo. Nikaona Jumamosi yangu inakwenda na maji.

Taa zikazimwa, na badala ya kunyamaza, nikaamua kutengeneza mambo. Nikasema malkia amebadilisha jina. "Hapana!" watoto wakapinga, "iko Nabintu!" Nikasema basi Nabintu ametubu, sasa ni mama mwema, na papo hapo pale juu ya kitambaa cha kuonyeshea malkia akaamuru binti achomwe moto. Watumishi wanapanga kuni. "Anamletea kuni," nikasema, "ili... ili binti asisikie baridi."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Hata abbé alicheka. Maman Byamungu peke yake hakucheka, na hakutoka pia. Alikaa mpaka mwisho, mpaka binti amewatupia mabata mashati nao wamekuwa watu tena. Kisha akanijia, nikiwa bado nimeshika ile maikrofoni kama niliyegandishwa nayo.

"Sikukuwa nayua, maman," nikasema. "Nisamehe."

"Ninayua haukuyua," akajibu polepole. "Mwalimu, miaka kumi na mbili niko nalea ule mutoto. Kila siku bantu banaangaria kama iko na nguo muzuri, kama iko nakula, juu mimi sikumuzaa. Banangojaka tu mutu wa kusema. Leo weye njo ulibasemea." Akarekebisha kitenge chake. "Ile barua, ikae kwanza."

Ilikaa mwaka mzima. Mwaka mzima huo watoto walimwita murozi akipita kwenda sokoni, nami nilijua kila mmoja wao amejifunza kwangu, wengine ni wanafunzi wangu mwenyewe. Niliwakemea darasani, nikaenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazazi, na ile haya iliniuma kuliko adhabu yoyote.

Mwishowe alikubali. Binti wetu wa kwanza tulimpa jina la bibi yake, mimi ndiye niliyeomba, na bibi alipomshika mara ya kwanza alilia akasema sasa limeoshwa. Ila mkwe haitwi jina, na bibi yuko kwetu kila wiki, kwa hiyo mimi baba mtu siwezi kumwita mtoto wangu akiwa mbali. Hutembea mpaka alipo na kumgusa bega.

Yule binti wa filamu alinyamaza miaka ili awaokoe ndugu sita. Mimi nilipewa nafasi ya kunyamaza muda wa bobine moja tu, ikanishinda. Maikrofoni sijaishika tena, na sitaishika.