Laini Moja, Kikombe Kimoja

Msusi wa hapa Kabiro ana tangi dogo la maji ya chumvi kando ya draya, lenye samaki wawili na matumbawe yanayofunguka kama maua. Kwenye kioo chake amechora mstari kwa rangi ya kucha, na maji hayaruhusiwi kushuka chini ya hapo. Kila asubuhi, kabla ya redio, huteka maji kidogo kwenye kichupa, hudondoshea dawa, hukazia macho rangi iliyotokea, kisha husema "sawa" kama mtu aliyesalimiwa vizuri.

Jumamosi alirudi kutoka matanga Kitui, akakuta maji yameshuka vidole viwili na matumbawe yamejifunga kama ngumi. Kavindu, mteja wake, alikuwa tayari kitini.

"Aki kesho ni harusi yangu. Si umwage mtungi mzima wa maji humo, uongeze na chumvi, tuendelee?"

"Chumvi haijaenda mahali. Ni maji yamekauka. Na nikiyarudisha yote mara moja, chumvi itapungua ghafla, hawa watakufa."

Basi akasuka laini moja ya nywele, akainuka, akamimina kikombe kimoja cha maji yaliyochujwa, akapangusa vidole kwa leso, akarudi kichwani. Laini, kikombe. Laini, kikombe. Kavindu alisonya mara tatu, halafu akakaza macho kwenye tangi. Saa tisa hivi tumbawe moja likachomoza ncha zake, na msusi, nadhani kwa furaha, akaanza laini nyingine bila kuinuka. Kavindu akamshika mkono.

"Wewe! Umeruka kikombe."